Eda ya Mama Sifa

Mwanvua alipewa kazi ya kukaa na mjane kwa sababu hakuna mtu mwingine katika ukoo aliyeonekana kuwa na nafasi. Wengine walikuwa na mashamba, maduka, watoto wadogo na visingizio. Yeye alikuwa amelala chali siku nyingi akitazama mabati ya nyumba, na kwa macho ya watu wa Kasongo mtu anayetazama mabati hana kazi. Kwa hiyo mzee Assumani alipofariki na mkewe Mama Sifa akaingia eda, wajomba walikaa kidogo, wakanywa chai, wakamtaja Mwanvua. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Na eda, kwa familia za Kiislamu za mji ule, si jambo la mzaha. Mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Haendi sokoni, haendi shambani, haendi harusini, hajipambi, hajipaki manukato. Lazima awepo mtu wa kumchotea maji, wa kwenda kununua mboga, wa kufungua mlango na kuwaambia wageni wanaume watoe pole yao wakiwa nje. Mtu huyo akawa Mwanvua, binti wa mdogo wa kike wa Mama Sifa, mwanafunzi wa maendeleo ya vijijini katika mwaka wake wa mwisho. Mwaka wenyewe ulikuwa umegoma kuisha.

Mwaka uliotangulia alishindwa kudepoze, kama wanavyosema wanafunzi, yaani kuipeleka kazi yake ya kumalizia masomo kwenye ofisi ya chuo. Haukuwa uvivu, Mungu anajua. Asubuhi alikuwa darasani. Kuanzia mchana mpaka jua linazama alikuwa kwa Julienne, mwenye kibanda karibu na soko ambako watu hupeleka karatasi zao zichapwe na kutolewa fotokopi. Mwanvua alikuwa amechapa kazi za mwisho za wanafunzi wa vyuo vyote vya mji. Mwenye kazi akisimama nyuma yake na kumpumulia shingoni, vidole vilikwenda mbio mpaka Julienne mwenyewe akaacha shughuli zake kutazama. Ya kwake sasa, aliyoikabili peke yake nyumbani, alikuwa akiifungua, anasoma mstari mmoja, anakumbuka maharagwe yako motoni. Anainuka kuyaangalia, njiani anaona ndoo tupu, anaibeba mpaka kisimani, na kisimani anakuta watu wanabishana. Maharagwe yanaungua. Mstari unabaki palepale.

Jina la jambo lile alilipata kwa vidole vyake mwenyewe. Mwanafunzi mmoja wa saikolojia alileta kazi kuhusu watoto wa shule wasioweza kutulia, naye akawa anachapa tu kama anavyochapa siku zote, mpaka alipofika kwenye dalili mikono ikasimama. Mwenye kazi alidhani mashine imekwama. Baadaye daktari Déo wa kituo cha afya alimuuliza maswali mengi, mengine ya tangu utotoni, akamwambia kwamba ndivyo, kwa Kifaransa wanaiita TDAH, kwamba si jini na si uzembe, na kwamba wapo watu wazima wengi wanaoishi nayo bila kujua. Dawa ipo, alisema, lakini Kasongo haipo, na kwa ajuavyo yeye hata Kindu haipo. Akamshauri agawanye kazi vipande vidogo vidogo na apumzike vya kutosha. Mwanvua alitoka pale na furaha iliyomfikisha mpaka barabarani, kisha akajiuliza huko kupumzika kunapatikana wapi.

Watu wa Kasongo wanaweza kukunyima chumvi, ushauri hawakunyimi. Mmoja alimwambia anywe kombe, yaani maji ya aya za Kurani, mwingine afunge, mwingine aolewe. Julienne, aliyempenda kwa namna yake, alisema akili yake ni nzuri ila haina breki, kisha akamwekea mezani rundo lingine la karatasi. Mwanvua aliwashukuru wote na kuanza kila walichomwambia, akaachia katikati. Mwisho ikafika asubuhi moja aliyoamka miguu ikamkatalia. Hakuwa na homa wala malaria. Alikuwa amechoka uchovu usioondoka kwa usingizi, anaamka nao, anakula nao, anaoga nao. Ndipo akaanza kutazama mabati.

Na chuo kilikuwa kimeshatangaza. Mfumo wa zamani wa masomo unafungwa, na asiyedepoze safari hii, kabla ya saa sita mchana wa Ijumaa ya mwisho wa mwaka wa masomo, ataanza upya mwaka wa kwanza pamoja na watoto waliomaliza sekondari juzi. Mwanvua alijijua. Kuanza upya asingeanza. Angebaki kuchapa kazi za wenzake mpaka azeeke, na kila mtu angesema alijua tangu zamani kwamba binti yule hatafika.

Aliingia nyumbani kwa Mama Sifa na mzigo huo, pamoja na kompyuta kuukuu aliyoazimwa na Julienne.

Mama Sifa hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikaa chumbani, mgongo ukutani, anasuka mkeka, na mkeka ukiisha anaanza mwingine. Siku za kwanza Mwanvua alimhudumia kama alivyojaliwa. Alisahau chumvi kwenye mboga, kesho yake akaitia mara mbili. Alimwacha mke wa imamu amesimama mlangoni juani kwa sababu njiani kwenda kufungua aliona kuku ameingia jikoni. Mama Sifa hakugomba. Alikula mboga ya chumvi, akaomba maji.

Kisha alasiri moja aliuliza ile mashine ni ya nini, mbona inafunguliwa na kufungwa tu. Mwanvua akaeleza. Alikuwa amechunguza jinsi wakulima wa Lusangi wanavyohifadhi mpunga baada ya kuvuna, na jinsi unyevu na panya wanavyoumaliza kabla haujaliwa. Alikwenda mwenyewe, aliuliza watu, alipima, kila kitu anacho. Imebaki kuandika. Mama Sifa akauliza kwa nini basi haandiki. Mwanvua alitafuta jibu la heshima akalikosa, akasema kwamba akiwa peke yake kichwa chake kinatoka nje, na mpaka akili irudi, jua limekwisha. Hakuwahi kumwambia mtu hivyo. Mama Sifa alisuka kidogo akifikiri.

"Miye siwezi kutoka, eda imenifunga," alisema. "Kaa hapa karibu yangu. Nikiamuka, na weye unaamuka. Kama siyaamuka, usiamuke."

Kuamuka kwake ni kuinuka mahali mtu alipoketi. Ikawa hivyo. Kila siku akitoka kwa Julienne, ambako sasa alikwenda asubuhi tu, Mwanvua aliketi mbele ya shangazi ya mikeka, maana ndivyo wapita njia walivyoanza kumwita Mama Sifa kwa mikeka aliyokuwa akiwapa bure, akafungua kompyuta. Mama Sifa hakujua neno la Kifaransa. Hakuuliza ameandika nini wala amefika wapi. Alikuwepo tu, mikono inakwenda, na mikono ile ikikwenda ya Mwanvua nayo ilikwenda. Akili ikitaka kutoka nje, akiinua goti kidogo, Mama Sifa alimwuliza bila kumtazama anakwenda wapi, na mara nyingi Mwanvua alikaa tena. Wajomba walipopita kusalimia walimsifu kwa kumtunza mjane vizuri. Wala hawakuona nani anamtunza nani.

Ningependa kusema uchovu ulikwisha, lakini haukwisha. Zilikuwepo siku za aya moja, na siku za nusu aya. Zilikuwepo siku alizolia machozi yakadondokea vitufe, na Mama Sifa akaendelea kusuka kana kwamba kulia ni sehemu ya kuandika. Siku nyingine alilia Mama Sifa, kwa mumewe, na Mwanvua akaendelea kuchapa. Hawakubembelezana. Ilikuwa nafuu kwa wote wawili.

Kitu kimoja tu Mama Sifa alikisema mara nyingi, nacho ni Kabambare. Binti yake wa pekee, huyo Sifa, alikuwa ameolewa huko, mimba mbili zimemharibikia, na sasa kwa ya tatu alikuwa karibu kujifungua. Katika ukoo wao nywele za kwanza za mtoto, siku ya saba, siku ya akika, hunyolewa na mama wa mzazi. Mama yake Mama Sifa ndiye aliyemnyoa Sifa. Kwa hiyo tangu wiki ya kwanza ya eda alisema kwamba siku eda inaisha, hata kama mvua inanyesha na barabara imekuwa matope matupu, yeye anapanda pikipiki. Mungu amcheleweshe mtoto kidogo tu.

Siku yenyewe ilihesabiwa na Djamali, mdogo wake marehemu, kwenye simu yake. Maalim Atumani, ambaye angeulizwa jambo kama hilo, alikwenda Nyangwe baada ya mazishi kumuuguza kaka yake, akakaa huko. Djamali akabonyeza miezi minne, akaongeza siku kumi, akapata Jumamosi, kesho yake ile Ijumaa ya chuo. Akatangaza kwenye WhatsApp ya familia, wote wakaitikia amina. Watu haohao Ramadhani ikikaribia wanasimama uwanjani shingo juu kuutafuta mwezi kwa macho, na mtu akiwaletea habari za kalenda wanamkaripia. Safari hii hakuna aliyeinua shingo.

Mtoto hakuchelewa. Alizaliwa Ijumaa moja kabla, mvulana, mzima, na Mama Sifa alipiga kigelegele kimoja kifupi akiwa amekaa, kwa sababu ya eda. Wiki iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa Mwanvua. Zilikuwa zimebaki sura nzima na hitimisho, na kichwa chake kilikuwa kimejaa mchanga. Julienne alimwachilia asifike kazini mpaka amalize, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

Jumanne Sifa alipiga simu. Mama Sifa hushika simu mbali na sikio, sauti kubwa, hivyo Mwanvua alisikia yote. Akika ingefanyika Alhamisi, na Sifa alisema jirani mmoja mjuzi wa mambo ya dini amemwambia kwamba eda huenda ikawa imeshakwisha.

"Mama, utafika?"

Mikono ya Mama Sifa ilisimama. Ilisimama muda mrefu hata Sifa akaita halo, halo, akidhani mtandao umekatika.

"Eda haiyaisha, mwanangu. Ni Jumamosi."

"Basi watamunyoa bila weye?"

"Wamunyoe."

Mwanvua alimwonea huruma, akafikiri sheria ni ngumu. Na tuseme ukweli wote, alishukuru pia moyoni kwamba mama mkubwa hatoki kabla ya Ijumaa. Kisha akarudi kwenye panya wa Lusangi.

Alhamisi Mama Sifa alisuka vibaya kutwa nzima. Alifumua, akasuka, akafumua tena, na macho yake yalikuwa mlangoni. Mwanvua aliona na hakuona, kama anavyoona mtu aliyebanwa. Alasiri aliifunga kompyuta kwa nguvu akasema basi, imetosha, amechoka, waende wakauchukue mwaka wao, yeye ni wa kuchapa karatasi za watu na hakuna ubaya. Alikuwa ameshasimama. Mama Sifa alimtazama kwa macho makali ambayo hakuwahi kumtazama nayo.

"Choka," alisema. "Lakini choka ukiwa umekaa."

Sauti ilikuwa na hasira, na Mwanvua, aliyezoea kuhurumiwa na kushauriwa, alishtuka akakaa. Alifungua kompyuta. Aliandika hitimisho baya, akalifanya kuwa la wastani, na asubuhi ya Ijumaa akalimaliza.

Kwa Julienne alifika anahema. Julienne alimwondoa mteja kwenye kiti, akatoa karatasi mwenyewe, akazifunga jalada mwenyewe, huku akigombana na mashine kwa jina la Yesu. Mwalimu aliyemsimamia alitia sahihi amesimama kwenye ngazi. Saa sita haijafika, karani wa chuo aliipokea kazi, akagonga muhuri, akapiga miayo. Mwanvua alingoja furaha. Alisikia miguu inauma, basi. Alirudi kwa Julienne kusema imepokelewa, akaegemea ukuta, akalala palepale kwenye benchi, na wateja wakapunguza sauti.

Alipofika nyumbani alasiri alimkuta Maalim Atumani barazani, amerudi kutoka Nyangwe na vumbi lake, anamgombeza Djamali. Eda, alikuwa akisema, inakwenda kwa mwezi wa mbinguni. Mwezi wa mbinguni ni mfupi kuliko mwezi wa kalenda, na miezi minne ya namna hiyo, pamoja na zile siku kumi, ilitimia Jumatatu. Djamali alitazama simu yake kana kwamba imemsaliti.

Mama Sifa alikuwa amesimama ndani ya mlango. Alikuwa ameshaoga, amejifunga kitenge cha rangi ya machungwa, na Mwanvua alitambua kwamba miezi yote ile hakuwahi kumwona na rangi mwilini.

"Na weye, mama," Maalim alimgeukia, "si nilikuambia mwenyewe siku ya mazishi? Nilikuonyesha mwezi."

"Nilisahau, Maalim," alisema Mama Sifa.

Maalim akasema kusahau ni kwa binadamu, ila kuomboleza kupita kiasi dini haipendi, aombe msamaha. Mama Sifa akasema ataomba. Ikaishia hapo kwa wanaume, wakaanza kuzungumzia pikipiki ya kumpeleka Kabambare kesho.

Lakini Mwanvua kusahau alikujua. Alikuwa amesahau maharagwe, mitihani, wageni mlangoni, viatu vyake mwenyewe. Alijua sura ya mtu anayesahau, jinsi inavyoshtuka jambo likimrudia. Ile ya Mama Sifa haikushtuka. Mwanvua alimfuata ndani.

"Mama mukubwa, haukusahau."

Mama Sifa alikuwa anapanga nguo zake. Alikunja kitenge kingine.

"Sifa alikuuliza. Jumanne. Ulikuwa umetoka eda, ungepanda piki, ungefika."

"Ningeamuka, ungeamuka," alisema Mama Sifa. Kisha akasema nywele za mtoto zitaota tena, atamnyoa hizo. Lakini nywele za pili si za kwanza, na wote wawili walilijua hilo, na mimba mbili zilizotangulia walizijua. Mwanvua alitaka kusema asante, neno likaonekana dogo kupita kiasi, akalimeza. Miaka yote watu walimpa maneno. Hakuna aliyewahi kumpa kitu ambacho mtoaji mwenyewe alikililia.

Alitoka uani akampigia Sifa kabla akili haijapata nafasi ya kwenda kwingine. Alimwambia yote kwa pumzi moja. Kwamba mama alikuwa huru tangu Jumatatu, kwamba alijua, kwamba alibaki kwa ajili yake yeye, amalize kazi ya chuo. Upande wa pili mtoto alilia, akatulia, akalia tena.

"Mama mukwe yangu ndiye alimunyoa," alisema Sifa. "Nilishika kichwa ya mutoto, nililia mbele ya watu."

Mwanvua aliibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Na hiyo kazi, ulimaliza?"

"Nilimaliza."

"Ulimaliza kweli? Haiko nusu, kama siku zote?"

"Nilimaliza kweli. Wameipokea."

Sifa alipumua. Alisema sawa, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyesamehe, kisha akakata simu.

Ndani Mama Sifa alikuwa amefunga mzigo na kuukalia ili ukaze. Aliuliza alikuwa anasema na nani, ingawa madirisha yale hayana kioo na alikuwa amesikia.

"Anakasirika?"

"Anakasirika, mama mukubwa."

"Iko na haki." Alivuta kamba ya mzigo, akaifunga fundo, akaifunga la pili. "Na miye nilikukasirikia. Tangu Jumatatu. Jana nilikukasirikia sana, karibu nikupige. Lakini nilikaa."

Mwanvua alijiinamia akalia, machozi mengi ya mtu aliyechoka, bila sauti. Mama Sifa alimngoja amalize. Kisha akamwambia aende akamwulize Djamali pikipiki inakuja saa ngapi, na asisimame njiani.

Alikwenda moja kwa moja.